Mzee wa Insha Namba Tisa

Dar es Salaam,
17 Oktoba 1983

Mpendwa Baba Mdogo Felisiani,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba dada Bernadina na watoto wake huko Baray hawajambo. Sisi huku tunaendelea. Maji yanatoka siku mbili kwa wiki, sabuni tunaipangia foleni, na mwanangu wa pili amepoteza meno mawili ya mbele. Ameomba nikuarifu rasmi.

Najua sijafika nyumbani tangu msiba wa Mama Mdogo Antonia, na sasa ni mwaka wa tatu. Sina la kujitetea.

Nina ombi. Mwaka huu nimepewa somo jipya hapa chuo kikuu, linaitwa Maumivu na Utamaduni. Wanafunzi wa udaktari na wa elimu ya jamii wanasoma pamoja. Tunajiuliza kwa nini watu wa mahali fulani hupiga kelele jino likiuma na wa mahali pengine hunyamaza, na daktari amfanyeje huyo aliyenyamaza. Wakati wa likizo nilituma kila mwanafunzi akakae na watu, awasikilize, kisha aandike insha. Kumi na moja kati ya insha hizo zinahusu Karatu, Ngorongoro na Loliondo.

Kanuni yetu ni kwamba kila insha isahihishwe na watu wawili. Mimi naangalia hoja. Wa pili lazima awe mtu anayezijua pande zile, aseme kama yaliyoandikwa ni ya kweli. Mkuu wa idara aliponiuliza ninamtaka nani, nilimwambia namtaka dresa aliyefunga vidonda vya watu hao kwa miaka thelathini na moja katika zahanati ya misheni. Akakubali bila kuuliza la pili.

Majina ya wanafunzi yameondolewa, utaona namba tu. Nao wamekatazwa kutaja jina la mtu yeyote waliyemhoji. Tafadhali toa alama kwa mia, na sababu kwa mistari michache. Tukitofautiana kwa zaidi ya alama ishirini, insha itapelekwa kwenye kikao cha watahini.

Zimeandikwa kwa Kiingereza. Baadhi yake zimeandikwa vibaya, na kwa hilo naomba radhi kwa niaba ya taifa.

Mwanao,
Marsela Clemensi


Karatu,
28 Novemba 1983

Kwa mwanangu mpendwa Marsela,

Marahaba, na amani iwe nyumbani mwako. Barua yako ya tarehe 17 Oktoba ilifika tarehe 9 Novemba ikiwa imelowa, na bahasha ya insha ikafika siku mbili baadaye ikiwa kavu kabisa. Sijui zilisafiri vipi. Naomba unisamehe kwa kuchelewa kujibu. Nilitaka kila insha niisome mara mbili, na kwa kuwa mafuta ya taa yameadimika, nimesoma mchana tu, pale mlangoni, ambapo kila apitaye hudhani nasoma barua ya serikali na kuniuliza kama ni habari mbaya.

Mvua za vuli zimeanza vizuri. Mahindi tumepanda, na maharage yatafuata. Bernadina alikuja wiki iliyopita na vitunguu, akarudi siku ileile. Ng'ombe mweusi amezaa dume. Mwambie mwanao kwamba taarifa ya meno yake imepokelewa na kuhifadhiwa.

Umenipa heshima ambayo marehemu kaka yangu Clemensi, baba yako, angeicheka kwa muda mrefu. Mimi nilijifunza kwa mapadre kufunga bendeji na kusoma kipimajoto. Kumpa alama mtu wa chuo kikuu ni jambo ambalo nimelifanya huku nimevua kofia.

Insha saba kati ya kumi na moja zinaeleza jinsi kijana wa Kimasai anavyotahiriwa bila kupepesa jicho. Ni kweli hapepesi. Ila wote saba wameeleza kwa maneno yanayofanana sana, kana kwamba walisimama nyuma ya kijana mmoja wakapokezana kalamu. Nimewapa hamsini kila mmoja. Namba mbili nimemwongezea tano, maana alikwenda pia kumwuliza mama wa kijana yeye alikuwa wapi.

Jambo ambalo hakuna aliyeliandika ni hili. Rafiki yangu Tajewo wa Piyaya, ambaye hupita hapa kila anapoleta ng'ombe mnadani, hakupepesa alipotahiriwa. Mwaka 1958 alikuja zahanati na kichomi. Nilipotoa sindano ya penisilini alitokea dirishani, na dirisha lilikuwa dogo. Juzi nilimwuliza kwa ajili ya kazi yako.

"Dresa," akasema, "kisu kilikuja mbele yangu. Mimi nilikiona, na baba zangu walikiona. Sindano yako inakuja nyuma, tena mtu ameshavuliwa shuka. Anayekuja nyuma ni mwizi."

"Lakini sindano ilikuponya."

"Ulinipata wapi?"

"Mtoni."

"Basi. Iliniponya nikiwa nimeshakamatwa."

Naona kuna insha nzima katika maneno hayo, lakini mimi si mwanafunzi.

Namba nne anasema kwamba wanawake wetu wa kabila la Kiiraki hukatazwa kulia wakati wa kujifungua, nao hutii. Nimekaa nje ya mlango mara zisizopungua mia mbili nikisubiri kuitwa, na ukuta ulikuwa wa udongo. Nimempa thelathini na tano.

Namba saba ni mwangalifu na mnyenyekevu. Sitini na nane.

Namba tisa nimempa kumi na nane. Mzee wa namna hiyo hayupo Karatu.

Namba kumi na moja hakufika Ngorongoro. Anasema kreta ina mto mkubwa wenye mamba. Nimempa ishirini, kwa ujasiri.

Uniwie radhi kwa mwandiko. Wino umekwisha nami nimemalizia kwa penseli. Wasalimie wote kwa majina yao.

Baba yako mdogo,
Felisiani Hhando


Dar es Salaam,
6 Januari 1984

Mpendwa Baba Mdogo,

Shikamoo, na heri ya mwaka mpya. Watoto wanakusalimu. Sukari ya Krismasi tuliipata tarehe 29. Meno ya mwanangu yameanza kuota, na anasema taarifa ya kwanza ifutwe.

Idara nzima imezisoma sababu zako. Mkuu wetu alicheka mpaka akavua miwani kwa ukuta wa udongo, na maneno ya Mzee Tajewo yamenakiliwa ubaoni. Asante sana.

Lakini kuna namba tisa. Wengine wote tumekaribiana. Huyu mimi nilimpa sabini na mbili na wewe kumi na nane. Tofauti ni alama hamsini na nne. Kwa wengine umeandika aya nzima. Kwake umeandika maneno sita.

Nimeisoma tena insha yake. Inamhusu mzee wa Karatu, seremala wa zamani, mjane, ambaye ana maumivu ya tumbo tangu mwaka jana na hajamwambia mtu. Huwapokea wageni akiwa amesimama, akisema amechoka kukaa. Akiulizwa hali yake, huuliza hali ya aliyemwuliza, na huuliza kwa upole mpaka mgeni husahau alichotaka kujua. Mwandishi anasema kwamba mke wa mzee huyo naye alificha ugonjwa wake, miezi kumi na moja, mpaka ukamwua. Sijapata kusoma kazi nzuri kuliko hiyo katika darasa hili.

Baba Mdogo, sijui kama nilikueleza uzito wa jambo hili. Mtahini wa pili akisema mtu aliyehojiwa hayupo, maana yake mwanafunzi amembuni. Anayebuni hapewi alama ndogo. Anafukuzwa chuo. Kwa hiyo nakuomba uniambie: una uhakika?

Na unijibu hili pia, kwa kifupi tu. Wewe mwenyewe hujambo? Unakula?

Mwanao,
Marsela


Karatu,
30 Januari 1984

Kwa mwanangu Marsela,

Marahaba. Barua yako imenikuta katika palizi. Mvua imekatika kwa wiki mbili, na watu wameanza kutazama angani wakiwa katikati ya mazungumzo, jambo ambalo ni utovu wa adabu lakini tunasameheana. Ndama dume ana afya na tabia mbaya. Bernadina amejifungua mtoto wa kike huko Baray, salama, na nimeombwa nichague jina. Mpaka sasa sijachagua. Wanasubiri kwa adabu.

Namshukuru mkuu wako kwa kicheko chake. Sikukusudia.

Kuhusu namba tisa, naomba radhi kwa ufupi wangu, na sasa nitarefusha. Umesema mzee huyo ni seremala. Maseremala wa Karatu nawajua. Wako wawili. Mmoja ni mzee lakini mke wake yuko hai, na sauti yake inafika kwangu. Wa pili ni mjane lakini ana umri wa miaka thelathini na minne. Kwa hiyo seremala mzee aliye mjane hayupo, na sentensi yangu ilikuwa ya kweli, neno kwa neno.

Pili, mzee wa namna hiyo, hata kama angekuwapo, hangemweleza kijana asiyemjua habari za marehemu mke wake. Watu wa rika langu hatufanyi hivyo.

Tatu, sikujua adhabu ni kubwa kiasi hicho. Ningependa ipunguzwe. Nampandisha mwandishi hadi ishirini na tano, kwa Kiingereza chake safi na kwa kutumia mkato vizuri. Natumaini hilo litatosha kumaliza neno.

Uliniuliza kuhusu afya yangu. Maharage yamestawi, ila yanahitaji mvua.

Salamu kwa nyumba yote.

Baba yako mdogo,
Felisiani Hhando


Dar es Salaam,
14 Februari 1984

Mpendwa Baba Mdogo,

Shikamoo. Hongera kwa mjukuu. Sisi huku hatujambo, na habari za nyumbani nitaziandika siku nyingine.

Ishirini na tano haikumaliza neno. Faili limefunguliwa, na faili likifunguliwa namba huondolewa, kwa hiyo sasa tunamjua mwandishi. Anaitwa Parsimei, anatoka Piyaya, mwaka wa tatu wa udaktari. Ni wa kwanza wa kijiji chao kufika chuo kikuu. Hajui kwamba msahihishaji wa pili ni wewe, wala hajui kwamba mimi nina baba mdogo Karatu.

Aliitwa mbele ya mkuu wa idara Ijumaa iliyopita. Nilikuwapo. Nayaandika maneno kama yalivyokuwa.

"Kijana," mkuu akamwambia, "shida yako ni ndogo. Tupe jina la mzee. Tutamwandikia, atathibitisha, na wewe utarudi darasani."

"Nilimwahidi sitamtaja, mwalimu."

"Kanuni inakukataza kumtaja ndani ya insha. Hapa ni ofisini."

"Yeye hakuniomba kanuni. Aliniomba mimi."

"Unajua kwamba utafukuzwa?"

"Najua sasa."

"Na ulipoahidi, mlizungumza habari ya kufukuzwa?"

"Hapana. Tulizungumza habari ya mke wake."

Mkuu akanitazama. Mwenzetu mmoja akasema kwa utani kwamba kumbe zile insha saba zilikuwa za kweli, Mmasai hapepesi. Kijana akacheka pamoja nao, kwa heshima. Mimi nilishindwa.

Kikao cha watahini kitakaa tarehe 8 Machi. Kama hakuna aliyejitokeza, atarudishwa Piyaya akiwa na barua isemayo kwamba ni mwongo, na hakuna chuo kingine kitakachompokea.

Sikuulizi tena habari za afya yako. Nakuomba jambo moja kama mtu unayewajua watu wengi huko. Ikitokea ukakutana na mzee huyo, umwambie tarehe.

Mwanao,
Marsela


Karatu,
5 Machi 1984

Kwa mwanangu mpendwa Marsela,

Marahaba. Mvua imerudi. Mtoto wa Bernadina ataitwa Antonia. Naanza na hayo kwa sababu ndiyo mazuri.

Simu yako ya maandishi niliipokea Ijumaa, isemayo kwamba kikao kimesogezwa hadi tarehe 22 na kwamba mnahitaji maelezo ya ukurasa kwa ukurasa. Barua hii nampa padre anayesafiri kuja Dar es Salaam kesho, akuletee mkononi, ili isilowe wala isikauke mahali.

Inanipasa kukueleza jinsi simu yangu mimi ilivyoandikwa, maana najua ilikushtua, na naomba radhi.

Barua yako ilifika tarehe 23 Februari. Niliisoma nikaiweka ndani ya Biblia, na jioni nikaitoa kwa kuona haya. Kesho yake Tajewo akaja. Hakuwa na ng'ombe. Alikuja kwa miguu mpaka barabara kuu, na kwa lori mpaka hapa, na hakukubali chai.

"Dresa," akasema, "mtoto wa ndugu yangu ameandika. Anasema asitegemewe mwaka huu kuwa daktari. Hakueleza sababu. Mimi mwenyewe nilimleta kwako Agosti, kwa mkono huu, nikasema huyu ni rafiki yangu, mwulize lolote. Kuna mzee mwingine ulimpeleka?"

"Hapana."

"Basi mzee ni wewe."

Nilimwambia kwamba jambo hilo lina taratibu zake. Nilimwuliza habari za Piyaya, malisho yakoje, na goti lake.

"Goti langu liache," akasema. "Tangu Agosti nakuuliza kuhusu wewe na unanijibu kuhusu goti langu. Goti limepona kwa aibu! Keti."

Nikasema nimechoka kukaa.

"Keti, nione."

Nikaketi. Alinitazama usoni kama anavyomtazama ng'ombe anayetaka kumnunua.

"Ng'ombe akiacha kula," akasema, "hatungoji atuambie. Wewe hujala tangu lini?"

"Wakristo tuna mfungo. Unaitwa Kwaresima."

"Unaanza lini?"

"Wiki ijayo ya pili, siku ya Jumatano."

"Na kanzu yako ilianza kukuzidi lini?"

Nilianza kutafuta jibu ambalo lingekuwa la kweli neno kwa neno, kisha nikaacha.

Jumatatu asubuhi nilikwenda posta. Karani alinisomea maneno yangu kwa sauti, kama ilivyo kawaida yake, na watu walikuwa kwenye foleni. "Mzee wa namba tisa ni mimi. Felisiani." Akaniuliza kama nina hakika itaeleweka. Nikamwambia itaeleweka. Akaniuliza ni namba tisa ya nini. Nikamwambia ni insha, naye akanipa pole.

Mwanangu, nilifundishwa nikiwa na miaka kumi na miwili kwamba mhusika wa jambo hawezi kuwa hakimu wake. Nilipofika ukurasa wa pili wa insha ile nilijitambua. Ilinipasa niifunge, niirudishe na kukuandikia kwamba siwezi kuisahihisha. Badala yake nilichukua penseli. Nikaandika kwamba mzee huyo hayupo, na kwa kuandika hivyo niliandika pia kwamba mke wake hakuwapo. Maneno yale sita yamenisumbua kuliko hilo jingine ambalo hukuniuliza tena.

Baadaye nikatafuta maseremala. Naona haya zaidi kwa maseremala.

Kwa sababu hizo najiuzulu kazi ya mtahini, na alama zangu mbili, ya kumi na nane na ya ishirini na tano, naomba zifutwe. Sitoi nyingine. Ninachotoa ni ushahidi, nao uko katika karatasi ya pili. Alama utatoa wewe pamoja na kikao. Mwambie Parsimei kwamba ahadi yake nimemwachilia, na kwamba ningefanya hivyo Novemba kama ningekuwa mtu wa kiasi chake.

Bernadina amefika leo na mtoto mgongoni. Kesho ananipeleka hospitali. Tajewo anakuja pia. Anasema anataka kuwa upande wa dirisha.

Uliandika kwamba huna la kujitetea kwa kutofika nyumbani. Sikuwahi kukushtaki.

Baba yako mdogo,
Felisiani Hhando


USHAHIDI KUHUSU INSHA NAMBA TISA
kwa Kikao cha Watahini

Waheshimiwa, baada ya salamu na kuomba radhi kwa usumbufu:

Ukurasa wa kwanza. Mwandishi anasema mzee alikuwa seremala. Si kweli. Alikuwa dresa. Mwandishi alibadilisha kazi yake ili asijulikane, na aliyejaribu kutumia jambo hilo dhidi yake ni mimi. Naomba lihesabiwe kuwa adabu.

Ukurasa wa tatu. Kwamba mzee huwapokea wageni akiwa amesimama. Kweli. Kukaa kunabana.

Ukurasa wa nne. Kwamba maumivu yako upande wa kushoto. Si kweli, ni kulia, chini ya mbavu. Lakini nilimwonyesha tukiwa tumekabiliana, naye ndipo alipochanganya. Mwanafunzi wa udaktari angeweza kulizingatia hilo. Mgonjwa naye angeweza kusema.

Ukurasa wa tano. Kwamba maumivu yalianza mwezi wa Machi mwaka jana. Kweli. Nilimwambia Aprili, naye akahesabu mwenyewe kutokana na habari nyingine nilizompa. Hesabu yake ni sahihi.

Ukurasa wa sita. Kwamba mzee akiulizwa hali yake huuliza ya mwingine. Kweli. Mashahidi ni wengi.

Ukurasa wa nane. Kwamba mke wa mzee aliumwa miezi kumi na moja bila mume wake kujua. Kweli. Jina lake lilikuwa Antonia. Kila asubuhi aliniuliza kama nimelala salama, na nilimjibu kwa kirefu, kisha nikaenda kazini kuwauliza wengine wanaumwa wapi. Wakati ule nilikuwa nimestaafu, lakini watu waliendelea kuja, nami niliendelea kuuliza. Siku moja nilimkuta ameegemea ghala la mahindi. Akasema amechoka. Nikampa aspirini mbili. Hayo yote nilimweleza mwandishi, naye ameyaandika bila kuongeza neno.

Ukurasa wa tisa. Kwamba ukimya wa mzee huyu watu watauita ushujaa, lakini si ushujaa. Kwamba mzee anaona kulalamika mapema kuliko mke wake ni kumdhulumu. Mimi sikusema hivyo. Ni maneno ya mwandishi. Nimeyasoma mara nyingi tangu Novemba nikitafuta mahali pa kuyapinga, na penseli ninayo.

Ukurasa wa kumi. Kwamba daktari akikutana na mgonjwa wa namna hii asimwulize mara ya pili, bali akae naye mpaka adabu imwishie. Sijui kama ni kweli. Kwangu ilichukua muda mrefu kuliko alivyokadiria.

Ukurasa wa kumi na moja, mstari wa mwisho. Kwamba mzee alieleza habari za mke wake tangu mwanzo hadi mwisho bila kutoa chozi. Hapo amekosea. Alikuwa ameinamia daftari, akiandika. Naomba apunguziwe alama mbili, na zisizidi mbili, maana sikutoa sauti.